Nimelipiwa kupanda farasi Naivasha na ninaogopa. Mliowahi kupanda, njooni mnieleze

BintiWaLanet
Habari za jioni wanajukwaa. Wifi yangu anatoka Nairobi kuja kututembelea mwisho wa mwezi, na ameshatulipia matembezi ya farasi kando ya Ziwa Naivasha, saa moja na nusu, na mwongozaji. Pesa hairudishwi na ukoo mzima umeshatangaziwa. Kwa hivyo siulizi niende au nisiende.

Nimelelewa Njoro. Ng'ombe nimekamua, punda wa maji nimemswaga tangu niko darasa la tatu. Mnyama si kitu kigeni kwangu. Lakini nikiwa na punda miguu yangu iko chini! Sasa naambiwa nikae juu ya mnyama wa kilo 450 asiyenijua, tukatize katikati ya pundamilia na twiga, na breki ni mikanda miwili ya ngozi mkononi mwangu. Nikifikiria tu tumbo linavurugika.

Naomba mliokwenda mnieleze bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu ambaye hajawahi kabisa hupokewaje? Farasi akiamua kukimbia nafanya nini? Nivae nini? Na ni kweli farasi anajua kwamba unaogopa?

Msee_wa_Section58
Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mmoja wahenga hawakumkataza, panda tu bana.

MamaPili_Milimani
Usimsikilize huyo. Mimi nimepanda, na mambo ya mavazi nitakwambia, maana wanaume hapa hawatakwambia.

Suruali ndefu ni lazima, lakini si jinzi yenye mshono mnene ndani ya paja. Utachubuka na ukirudi utaoga ukilia. Taitsi nzito au suruali ya kunyooka inafaa. Viatu vya kufunika mguu, vyenye kisigino kidogo, ili mguu usiteleze ukapita kabisa kwenye kikuku, ile pete ya chuma ya kukanyagia. Sandali acha nyumbani. Raba zenye soli pana ya meno meno nazo si nzuri, zinanasa.

Leso, shali, skafu yoyote inayopepea, acha. Kitambaa kikipigwa na upepo karibu na jicho la farasi anaweza kudhani ni kitu kinamrukia. Simu iingie mfuko wenye zipu. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kama umesuka, usifunge nywele utosini. Helmeti haitaingia, na bila helmeti hupandi. Mimi nilifumua fundo langu pale pale mbele ya watu huku msafara ukinisubiri. Zifunge chini, kisogoni.

Pia jipake kitu usoni. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, upepo wa ziwa unakupoza usisikie jua, kumbe linakuchoma.

Tajiri_wa_Njaa
Starehe za wazungu hizi. Hela ya kukaa juu ya mnyama saa moja unanunua mbuzi.

SaisiMstaafu
Binti, nimefanya kazi ya farasi miaka mingi, kwanza Molo, baadaye Naivasha. Siku hizi niko shambani na kuku zangu. Nitajibu kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Watakuuliza urefu, uzito na kama umewahi kupanda. Yote matatu sema ukweli. Kanuni ambayo wengi wanaifuata ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na tandiko linahesabiwa humo. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 90, wewe na tandiko na viatu vyako. Ukidanganya utamuumiza mgongo, na mnyama anayeumwa mgongo ndiye wa kuogopa.

Ukifika, mtafute saisi, yaani mtunza farasi, umwambie, "Mzee, mimi naogopa, naomba niende kwa kamba." Basi. Kamba ya kuongozea inafungwa kichwani mwa farasi wako, anaishika saisi anayetembea kwa miguu au mwongozaji aliye juu ya farasi wake. Kazi yako inabaki kukaa tu. Nimeona vijana wengi wanaona haya, wanasema "mimi niko sawa", wanapewa farasi mwepesi mwenye damu ya moto. Anayesema ukweli anapewa yule mzee wa zizi ambaye hata radi ikipiga anaendelea kutafuna nyasi.

Umeuliza kama anajua unaogopa. Anausoma mwili wako. Mtu mwenye hofu hufanya mambo mawili kwa mpigo: anabana miguu na anavuta hatamu, ile mikanda ya mkononi. Kwa farasi aliyefundishwa, kubana miguu ni kumwambia nenda, kuvuta hatamu ni kumwambia simama. Sasa atii lipi? Anarusha kichwa, anakwenda upande upande, wewe unabana zaidi, na ukishuka unasema farasi alikuwa mkorofi. Huwezi kujilazimisha usiogope, hakuna anayeweza. Unachoweza ni kupumua mpaka tumboni, kulegeza mapaja, kuteremsha visigino, na kutazama mbele unakokwenda. Usitazame kichwa cha farasi. Macho yakienda chini, mwili wote unafuata.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa palipo mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Kwa hivyo mwendee ubavuni, upande wa bega, huku ukimsemesha. Nyuma yake usipite karibu. Na masikio yake yaangalie muda wote: yakielekea mbele ameona kitu, moja likigeukia nyuma anakusikiliza wewe au mwongozaji, yote yakilala nyuma yakabana kwenye shingo amekasirika, mpe nafasi yake. Weka pia nafasi ya farasi mmoja kati yako na wa mbele. Wengi wa mateke ninayoyakumbuka yalitokana na mgeni aliyeacha farasi wake anuse mkia wa mwenzake.

Jambo moja wageni hawaambiwi. Wakati wa kukazwa mkanda wa tumbo, farasi wengine wajanja huvuta pumzi wakavimba. Mkitembea kidogo anatoa pumzi, mkanda unalegea na tandiko linaanza kuteleza. Saisi mzuri husimamisha msafara baada ya dakika chache akakaza tena. Asipofanya hivyo mwambie wewe.

Akikimbia: usipige kelele, na usivute hatamu zote mbili ukaganda nazo. Kaa nyuma, shika singa, zile nywele za shingo yake, kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine vuta hatamu ya upande mmoja, vuta na kuachia, mpaka ageuke. Farasi anayezunguka duara dogo hawezi kushika shoti. Lakini kwa kamba hutafika huko.

Na wewe Tajiri, wazungu walileta farasi ndiyo, walowezi kama Delamere wa Njoro na Soysambu. Lakini anayelisha, anayetandika, anayepiga viatu kwato na anayeamka usiku farasi akiumwa tumbo ni nani? Mimi nimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Tajiri_wa_Njaa
Mzee hapo umenimaliza. Nimekaa.

NyarKisumo
Swali la pembeni, mnisamehe. Mbona huku kwetu Kisumu na Homa Bay farasi humwoni, labda yule wa kupigia watoto picha siku ya sikukuu? Punda tunao.

DaktariWaMifugo
Si swali la pembeni, dada. Wadudu ndio sababu kubwa.

Kuna ugonjwa wa virusi unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Hauambukizwi kwa kugusana, unaletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi mpaka alfajiri, hasa baada ya mvua. Ukishika mapafu, farasi asiye na kinga anaweza kufa ndani ya siku chache, na wanaopona aina hiyo ni wachache sana. Dawa ya kuutibu hakuna. Kuna chanjo, ya kila mwaka, na kuna kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Pundamilia anaubeba bila hata kuonekana mgonjwa, na punda wetu anauhimili vizuri kuliko farasi. Binadamu haumpati.

Halafu kuna mbung'o. Bonde la Lambwe huko Homa Bay linajulikana kwa mbung'o tangu zamani, na ugonjwa wa nagana unaoletwa nao humkondesha farasi mpaka aanguke. Ongeza kupe. Ndiyo maana ukitafuta farasi wengi nchi hii utapanda kwenye baridi: Molo, Timau, Limuru. Naivasha iko katikati. Pana urefu kiasi, lakini maji yapo, usubi upo, na pundamilia wanalisha uwanja mmoja na farasi. Kumfuga pale ni gharama, na sehemu ya ile pesa ya mbuzi ya Tajiri inakwenda kwenye chanjo. Kwa hivyo BintiWaLanet, ukiambiwa msafara wa jioni lazima urudi mapema, si uvivu wa wafanyakazi.

NyarKisumo
Asante daktari. Kumbe kutembea bega kwa bega na pundamilia, uzuri wa picha ndio hatari ya farasi.

Msee_wa_Section58
Binti amenyamaza. Amepanda ama amepandwa?

BintiWaLanet
Nimerudi! Ni mzima, ingawa leo nimeshuka kwenye matatu kinyumenyume kwa sababu mapaja yamekataa kukunjuka. Kaeni, ni stori ndefu.

Tulipofika walitupa fomu ya kukubali kwamba farasi ni mnyama na lolote laweza kutokea. Kuisoma hiyo fomu kulinitisha kuliko farasi mwenyewe. Halafu kijana wa ofisini akauliza uzito, kwa sauti, mbele ya wifi na shemeji zake. Nilikumbuka mgongo wa mnyama nikasema ukweli. Wifi akapunguza wake, nilimwona.

Nikamtafuta saisi. Mzee mmoja mfupi, koti la mvua limemzidi, ana mikono mipana kweli. Nikamwambia vile vile nilivyoagizwa: naogopa, naomba kamba. Hakucheka wala hakunibembeleza. Alisema tu "haya," akarudisha bandani yule mweusi aliyekuwa ameshatandikwa, akaja na jike wa kahawia, mzee, mdomo wa chini umening'inia. Akaniambia nisimame begani kwake kwanza, nimwache aninuse. Ana pua laini ajabu. Akanipulizia hewa ya moto kwenye kiganja, akageuka kutazama mambo yake.

Unapanda kutoka upande wa kushoto, juu ya ngazi fupi ya mbao. Mguu wa kushoto kwenye kikuku, unashika singa na mbele ya tandiko, unarusha wa kulia. Mimi niliurusha nusu, nikampiga teke kiunoni. Nikasubiri mauti. Hakutikisa hata sikio.

Sasa juu. Wanajukwaa, kutoka chini farasi si mrefu. Ukiwa juu ni mrefu! Na anaposogea hatua ya kwanza, kiuno chako kinasukumwa kushoto kulia bila kuulizwa, unahisi unateleza huku huendi popote. Nilibana kila kilichoweza kubanwa. Yule jike akaenda hatua mbili akasimama, akaenda, akasimama. Saisi akageuka akaniambia, "Mama, unamwambia nenda na simama pamoja." Maneno yale yale ya SaisiMstaafu. Mzee, mlisoma chuo kimoja?

Akaniuliza kama naimba kanisani. Nikasema kwaya, sauti ya pili. "Basi imba." Nikadhani ni mzaha. Kumbe mtu hawezi kuimba akiwa amezuia pumzi. Nikaanza pambio moja kwa sauti ya kuibia, na kufikia kiitikio mabega yalikuwa yameshuka yenyewe, na jike naye akaanza kutembea sawasawa. Wifi alirekodi. Msiulize, sitaiweka hapa.

Tukapita chini ya migunga ile ya magome ya manjano. Nilidhani pundamilia watakimbia. Hawakukimbia. Mwongozaji alisema wakiona farasi wanaona mnyama mwenzao wa miguu minne, mtu aliye juu hawamjali sana. Tulipita karibu nao kiasi cha kusikia wakikata nyasi. Mmoja alimtazama jike wangu, jike akamtazama, wakaachana. Twiga walikuwa wakubwa mno kuwa karibu hivyo, na kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama twiga nikiwa sijainua shingo yote.

Sasa hofu ya kweli. Tulikuwa tumekata kona karibu na kichaka, kundi la kanga likaruka kwa kelele miguuni mwa farasi wa mbele. Jike wangu akaruka upande, hatua moja tu, lakini moyo wangu ulibaki kule alikotoka. Nilishika singa kwa mikono miwili. Sikupiga kelele kwa sababu sauti haikuwepo. Saisi hakukaza kamba, hakukimbia. Alisema "ho, mama, ho" kwa sauti ya chini, na mpaka leo sijui mama ni mimi au jike. Sote wawili tulitulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kabla ya siku hii nilikuwa nauliza maswali yote kuhusu farasi, hata moja sikuuliza kuhusu mtu. Jike alikuwa akimsikiliza mzee kwa lile sikio la nyuma safari nzima. Na mimi pia.

Mambo mengine kwa haraka. Hatukukaribia mafunjo ya ukingoni, mwongozaji alisema viboko hujilaza humo hata mchana na hakuna farasi wa kubishana na kiboko. Alikuwa pia akiangalia mashimo ya ngiri, anaelekeza kwa fimbo, kwa sababu farasi akitumbukiza mguu humo ni msiba. Kuteremka unaegemea nyuma kidogo, kupanda unaegemea mbele. Farasi akitaka nyasi usimwachie, ukimwachia mara moja atasimama kila mahali kama matatu isiyo na abiria.

Malalamiko ninayo. Vikuku vyangu havikuwa sawa kwa urefu, nilikaa upande dakika nyingi kabla ya kusema, na mkanda haukukaguliwa mpaka nilipouliza. Ulikuwa umelegea. Asante Mzee Mstaafu.

Tulipofika uwanja wa wazi wifi akataka kukimbia. Mimi nikasema hapana, na nashukuru walikuwa wawili: mwongozaji akaenda naye, mimi nikabaki na saisi chini ya mti. Nikamwona wifi akitroti, anadunda juu ya tandiko, meno yanagongana mpaka nikayasikia. Leo hakai kwenye kiti cha mbao. Alilala kifudifudi akitazama habari.

SaisiMstaafu
Hongera sana binti. Hatukusoma chuo kimoja, farasi ndio waliotufundisha sote somo hilo. Na huyo mzee kumrudisha yule mweusi bandani bila maneno, hapo nimemjua ni mtu wa kazi.

Kuhusu troti: ni mwendo wa mapigo mawili, unakurusha usipojua kuinuka na kukaa kwa kufuata pigo. Mwambie wifi yako hilo hujifunza uwanjani kwenye duara, si porini siku ya kwanza.

MamaPili_Milimani
Maji ya moto na chumvi kwa mapaja. Na kutembea, usilale tu.

Tajiri_wa_Njaa
Mimi nina kilo 104. Nifanye nini, ninunue mbuzi?

SaisiMstaafu
Piga simu kwanza, uliza mwisho wao ni kilo ngapi. Pengine wana farasi mkubwa, pengine hawana. Wakikwambia "njoo tu" bila kuuliza uzito, usiende kwao, uwe na kilo 104 au 50. Mahali pasipouliza uzito hapaulizi na mengine.

NyarKisumo
Mmenishawishi. Nakuja na watoto wangu wawili likizo, mkubwa ana miaka 11, mdogo 5. Natoka Kisumu kupitia Kericho. Binti, uliza nini nikipiga simu?

BintiWaLanet
Dada, uliza umri wanaoukubali kwa msafara wa nje, maana kila mahali pana wake. Huyo wa 5 pengine atazungushwa tu uwanjani kwa kamba, na atafurahi vile vile. Uliza kama kuna helmeti za watoto, si za wakubwa zilizojazwa kitambaa. Uliza watu wa kuwaongoza ni wangapi, wasiwe mmoja kwa kundi zima. Na omba farasi wa kuongozwa kwa kamba kabla hujalipa, waandike.

Usijaribu kutoka Kisumu na kupanda siku hiyo hiyo. Laleni Nakuru, asubuhi mko Naivasha.

SaisiMstaafu
Naongeza hapo. Wakikupa saa nane mchana, kataa. Chukua saa moja au saa mbili asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unaanza, kila jani linatikisika, na farasi analiona kila jani.

NyarKisumo
Saa mbili basi. Na nywele nitafunga chini.